Famuhausi huku Nyanda za Juu Kusini: ukuta wa tofali za kuchoma, bloku au mbao?

Kama una kiwanja Uyole, Mafinga, Njombe, Tukuyu au popote huku kwetu kwenye baridi, na simu yako imejaa picha za zile nyumba nyeupe zenye paa refu lililochongoka, madirisha ya fremu nyeusi na baraza pana mbele, basi hii nimekuandikia wewe. Famuhausi asili yake ni nyumba za wakulima wa Marekani, ukuta wa mbao za wima, rangi nyeupe, paa kali ili theluji iteleze, halafu kwenye miaka ya 2010 wachora ramani wa kule wakaifufua kwa sura ya kisasa na picha zikatufikia mpaka huku.

Mi nimejenga moja, na nimewasimamia ndugu zangu wawili wakijenga za kwao. Nilichojifunza ni kwamba ramani haimkwamishi mtu sana, ramani utachorewa. Watu wanakwama kwenye ukuta. Huku kwetu una njia tatu: tofali za kuchoma, bloku za sementi, au mbao. Zote tatu zinatoa famuhausi nzuri na zote tatu nimeziona zikimliza mwenye nyumba, na karibu kila mara aliyelia ni yule aliyechagua kwa kuangalia picha bila kuangalia kiwanja chake kiko wapi.

Kwanza paa, maana linawahusu wote

Kwenye picha paa linasimama nyuzi 45. Sisi theluji hatuna, kwa hiyo kabla hujamwambia fundi "nataka kama hii" piga hesabu. Nyumba inayokaa kwenye mita za mraba 120 ukiipaua kwa nyuzi 45 inakula bati za mita za mraba 170 hivi. Ukishuka mpaka nyuzi 25 ni kama 132. Hapo hujaweka sehemu inayotoka nje ya ukuta, na hujahesabu kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, ambazo nazo zinarefuka. Mi nilienda na nyuzi 35, bati zikawa za mita za mraba 146 hivi, sura ya famuhausi ikabaki na maji yanashuka vizuri tu.

Kitu kingine kwenye zile picha paa linaishia karibu kabisa na ukuta, halitoki nje. Hapo naomba usiige. Mvua yetu inaanza Novemba au Desemba inaenda mpaka Aprili, sehemu nyingine Mei, na udongo wetu wengi ni mwekundu. Tone likidondoka chini linaruka na tope linapiga ukuta mweupe. Nyumba ya ndugu yangu wa kwanza ilipakwa rangi Oktoba, ilipofika Februari ilikuwa na mkanda mwekundu kuzunguka nyumba nzima, kimo cha goti, utadhani imevaa soksi, na ule mkanda hautoki kwa maji, unapaka rangi upya. Toa paa nje sentimita 60 angalau, ukiweza 90, weka gata, na chini ya ukuta jengea mawe au tofali ambazo hazipakwi nyeupe. Baraza nayo ifanye pana ya kukaa watu na kiti na meza, siyo ya picha.

Na kama uko Makambako au sehemu yoyote ya wazi yenye upepo mkali, paa refu ni kama tanga la ngalawa. Kenchi zifungwe kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya kuta) kwa nondo zilizoachwa wakati wa kumwaga zege, misumari peke yake haitoshi.

Vigezo nilivyotumia

Baridi, kwa sababu Juni mpaka Agosti huku ni koti ndani ya nyumba. Mvua na unyevu. Pesa, nikimaanisha bei mpaka vitu vimefika saiti, maana bei ya kule vinakouzwa haikusaidii. Fundi anayepatikana. Na mwisho muonekano pamoja na matunzo yake.

Kwenye baridi niseme kitu kimoja kabla. Joto jingi linapotelea juu, bati halizuii kitu, kwa hiyo hata ukijenga ukuta wa aina gani, bila siling iliyozibwa vizuri utatetemeka tu. Madirisha makubwa ya sebule yaelekeze kaskazini, maana mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita upande huo, na ukikosea ukayaweka kusini utakuwa na kioo kikubwa kinachokuletea ubaridi mchana kutwa. Halafu tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango. Gesi yake haina harufu na inaua watu wamelala. Ukitaka moto ndani jenga meko yenye dohani tangu kwenye ramani.

Tofali za kuchoma

*Baridi.* Ziko vizuri. Zinakunywa jua la mchana na kulitoa taratibu usiku, hasa ukijenga kwa kulaza, ukuta unakuwa mnene. Ukijenga kwa kusimamisha unaokoa tofali ila ile faida inapungua sana.

*Mvua.* Hapa nina hadithi. Nilinunua tanuru zima kwa bei iliyonifurahisha kupita kiasi, muuzaji akaniapia zimeiva zote. Tukajenga boma, yaani kuta bila paa, hela ikakata, mvua ikatukuta hatujapaua. Januari nilienda saiti nikakuta chini ya ukuta wa jikoni kuna unga mwekundu umejaa kama pumba chini ya mashine ya kusaga, nikaweka kidole kwenye tofali kikaingia. Zile za pembeni mwa tanuru moto haukuzifikia, kwa hiyo mvua ilizirudisha kuwa udongo. Fundi niliyemleta baadaye, mzee mmoja mpole, hakunicheka, alichukua tofali mbili akazigonganisha sikioni mwangu zikatoa mlio wa juu kama kengele ya shule, akachukua nyingine mbili zikasema "du" tu, akaniambia mwanangu siku nyingine nunua kwa sikio. Tangu siku hiyo nagonga kwanza, halafu naloweka kadhaa kwenye ndoo usiku mzima, likianza kumeguka naachana na tanuru hilo. Tofali lililoiva kweli halina ugomvi na mvua, liko tayari kukaa hata miaka boma likisubiri bati.

*Pesa.* Iringa na Mbeya zinapatikana karibu kila kata, mara nyingi umbali wa trekta moja. Ila usilinganishe bei ya tofali moja na bei ya bloku moja, hiyo ni mtego. Tofali zetu hazina saizi moja, kila mfyatuaji na kibao chake. Panga tofali chini upate mita moja ya mraba, hesabu zimeingia ngapi, ndo uzidishe kwa kuta zako. Ongeza mota, yaani sementi na mchanga wa kujengea, maana tofali zisizonyooka zinakula mota nene, na plasta yake pia inakuwa nene. Mtu anaweza kuokoa kwenye tofali akairudisha hela yote kwenye sementi.

*Fundi.* Hakosekani. Muulize kama analowesha tofali kabla ya kujenga, akikuambia haina haja mtafute mwingine, tofali kavu linanyonya maji ya mota na mota inabaki haijashika.

*Muonekano.* Ukipiga plasta na rangi nyeupe hakuna atakayejua ndani kuna nini. Lakini mi nasema usizifiche zote. Acha mkanda wa chini, nguzo za baraza na dohani zikiwa wazi, pointi vizuri kwa kujaza maungio ya tofali, ule wekundu na weupe wa juu pamoja na fremu nyeusi ni mzuri mno, na lile tope la mvua linapotea machoni. Jambo linaloniumiza ni kuni. Tanuru linakula miti mingi. Upande wa Mbarali na Kyela kunakolimwa mpunga wapo wanaochomea pumba, ukizipata za hivyo na zimeiva, nunua hizo.

Zinamfaa mtu anayejenga kidogo kidogo, aliye karibu na wafyatuaji, na anayeweza kwenda mwenyewe kugonga tofali.

Bloku za sementi

*Baridi.* Hapa ndo zinapozidiwa, tuseme ukweli. Shangazi yangu yuko Tukuyu kwenye nyumba ya bloku za inchi 6, nyumba nzuri, imenyooka, na kila mwaka mwezi wa saba anatoa nguo zote kabatini kuanika. Siku moja nilimsaidia kusogeza kabati, ukuta wa nyuma ulikuwa na ukungu wa kijani mpaka juu na koti la marehemu mjomba limeota madoa meupe kwenye mabega. Chumba hakivuji. Ni pumzi na mvuke wa ndani unagusa ukuta wa baridi unageuka maji. Dawa ipo: acha kabati mbali na ukuta wa nje, weka matundu ya hewa juu, fungua madirisha mchana. Ila lazima uyajue haya kabla hujajenga.

*Mvua.* Bloku yenyewe mvua haiifanyi kitu. Unyevu unaotoka chini ndo adui, kwa hiyo nailoni nzito chini ya jamvi la sakafu na kizuizi cha unyevu juu ya msingi usimruhusu fundi aruke. Kule Rungwe mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Iringa mjini haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo kinachovumilika Iringa Tukuyu kitakuaibisha.

*Pesa.* Uzuri wake hesabu ni nyepesi. Mita moja ya mraba ni bloku 10 hivi, huibiwi. Sementi tunatengeneza wenyewe Songwe, kwa hiyo Mbeya tuna nafuu kidogo. Ukifyatua saiti, simamia. Ukimsikia mtu anajisifu anatoa bloku 50 kwenye mfuko mmoja ujue unajengewa mchanga, wengi wanaotaka kitu imara hawavuki 30. Halafu zimwagiliwe maji wiki nzima angalau, na zege lake linafika nguvu yake kwenye siku 28, sasa wewe unakuta mtu kafyatua Jumatatu Ijumaa anajenga.

*Fundi.* Wamejaa, na kazi inaenda haraka.

*Muonekano.* Famuhausi inapenda kona kali na mistari iliyonyooka, bloku inakupa hiyo bila jasho, plasta inakuwa nyembamba. Yale madirisha mapana pia yanakaa vizuri ukimwaga lenta ya nguvu. Matunzo ni rangi tu, nunua ya nje inayostahimili mvua, ile ya bei rahisi inababuka msimu wa pili.

Zinamfaa anayesimamia ujenzi akiwa mbali, anayetaka kumaliza haraka, na aliye maeneo ya joto kidogo au makavu.

Mbao

Huku ndiko tuna utajiri tunaoupita kila siku barabarani. Shamba la Sao Hill pale Mufindi ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, misindano na milingoti mpaka macho yanachoka, halafu mtu wa Mafinga anaagiza bloku.

*Baridi.* Mbao ndo fundi wa baridi. Inapitisha joto kidogo sana ukilinganisha na zege. Nililala nyumba ya wageni ya mbao karibu na Mafinga mwezi wa saba, asubuhi nje majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, nikaweka kiganja ukutani kwa ndani na ukuta haukuning'ata, ulikuwa tu kama meza. Ila ile nyumba ukuta wake ulikuwa wa ngozi mbili, mbao nje na mbao ndani na katikati pamejazwa. Ukipiga mbao moja tu nje zenye nyufa, baridi itaingia kama haina hodi.

*Mvua.* Nyumba ya mbao isianzie chini. Jenga mawe au tofali mpaka sentimita 45 au 60 juu ya ardhi ndo mbao zianze, hapo unapunguza hatari ya mvua na mchwa kwa pamoja. Paa litoke sentimita 90. Mbao ziwe zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na ziwe kavu. Msindano mbichi ukiupigilia leo, baada ya miezi mitatu umepinda na misumari imechomoka.

*Pesa.* Mafinga, Makambako na Njombe mbao ziko mlangoni. Msingi unakuwa mwepesi kwa sababu nyumba yenyewe nyepesi, na ukuta unasimama kwa wiki badala ya miezi. Kinachokula hela ni dawa, ngozi ya pili ya ndani na rangi ya kila baada ya miaka michache. Ukiwa Chunya au Kyela, usafiri unaweza kuimaliza faida yote. Na kuna jambo moja watu hawalihesabu: mbao huwezi kuziacha boma bila paa ukisubiri mshahara. Ukianza, malizia.

*Fundi.* Hapa ni pagumu. Mafundi wa kenchi wapo na mafundi wa vitanda wapo, ila wa kujenga ukuta wa mbao usioingiza upepo ni wachache, nenda kaone alichojenga miaka mitano iliyopita, usiangalie cha mwaka huu. Fundi umeme naye apitishe waya zote ndani ya mabomba, hili usilifanyie mzaha.

*Muonekano.* Hii ndo famuhausi yenyewe ilivyozaliwa, mbao pana za wima na vipande vyembamba vya kuziba maungio. Lakini jiandae kwa maneno. Mama mkwe atauliza mmejenga banda la nini. Benki pia, kama unategemea kuweka nyumba dhamana, kaulize tawi lako kabla hujanunua hata ubao mmoja. Kwa upande mwingine sisi tunakaa kwenye bonde la ufa, matawi yake yanakutana hapa hapa kwenye milima ya Rungwe, na ardhi ikitikisika nyumba nyepesi iliyofungwa vizuri inayumba na kurudi. Anayejenga kwa tofali au bloku asikose lenta inayozunguka nyumba nzima.

Inamfaa aliye karibu na mbao, mwenye hela ya kumaliza kwa mkupuo mmoja, na asiyesumbuliwa na maneno ya majirani.

Kuchanganya

Wengi tunaishia hapa na siyo kosa. Nyumba yangu ni tofali za kuchoma mpaka lenta, kisha gebo zote mbili, zile pembetatu za ukuta chini ya paa, ni mbao za wima zilizopakwa nyeupe. Gebo la paa refu ukilijenga kwa tofali ni uzito mkubwa juu ya vichwa vya watu, la mbao ni jepesi na ndo linaloipa nyumba ile sura mtu akiiona tangu barabarani. Ndugu yangu wa pili amejenga bloku, ila vyumba vya kulala akavipiga mbao kwa ndani kuta za nje tu, na watoto hawakohoi tena kama mwaka wa kwanza.

Sasa wewe uko wapi?

Kama kiwanja kiko Tukuyu au upande wowote wa Rungwe wenye mvua ya kila siku, chagua tofali zilizoiva za kulaza, au bloku yenye mbao kwa ndani vyumbani. Mbao nje inawezekana ila paa litoke sana na rangi usiisahau hata mwaka mmoja.

Iringa mjini, Kihesa au Ipogolo, mvua siyo tishio, hapo fuata bei iliyofika saiti na fundi unayemwamini, bloku na kuchoma zote zitakutendea haki.

Mafinga, Makambako, Njombe na Makete, baridi ndo bosi. Mbao zipewe nafasi ya kwanza kwenye hesabu zako kabla hujaziacha, na kama familia imekataa kabisa basi tofali nene.

Unajenga kwa mshahara, mwaka huu msingi, mwaka kesho boma: kuchoma au bloku, mbao achana nazo.

Uko Dar au nje ya nchi na unasimamia kwa simu: bloku, kwa sababu unaweza kuhesabu kwenye picha. Tofali bichi haionekani kwenye picha.

Unawajengea wazazi wazee: angalia baridi kabla ya kitu chochote, chumba chao kiwe upande wa kaskazini, na mlango wa kwenda barazani usiwe na ngazi.

Unajenga vyumba vya wageni kwa biashara: mbao inawavutia wageni na inasimama haraka, ila piga hesabu ya rangi na ulinzi wa moto tangu siku ya kwanza.

Na kama bado hujaamua, subiri mwezi wa saba ufike, omba ulale usiku mmoja kwa mtu mwenye nyumba ya bloku, mmoja kwa mwenye kuchoma, mmoja kwenye nyumba ya wageni ya mbao, na saa kumi na moja alfajiri uamke uweke kiganja ukutani.